Nyoka wa Shaba na Chupa ya Mafuta: Ibada ya Kweli Kando ya Ziwa Viktoria

Ibada ya sanamu, kwa maana inayotumika katika mazungumzo haya, ni tendo la moyo na la mwili ambalo kwalo mtu hukipa kiumbe, kitu au nguvu yoyote ile imani, hofu na utii unaompasa Mungu peke yake. Maana hiyo ni pana kuliko ile iliyozoeleka, kwa sababu Mkristo wa Mabatini, katika Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, anaweza kuishi miaka yote kati ya nyumba zilizobanana juu ya miteremko ya mawe pasipo kumwona hata jirani mmoja akipigia magoti kinyago, na kwa hiyo huona kwamba amri ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya Wakanaani na watu wengine wa zamani. Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba amri hiyo inamgusa yeye moja kwa moja, na inamgusa zaidi akiwa ndani ya kanisa kuliko akiwa nje yake, kwa kuwa kitu kinachogeuka kuwa sanamu kwa urahisi mkubwa kabisa ni kile ambacho tayari kimekwisha kutakaswa.

Watu wa mwambao wa ziwa hili walikuwa na ibada zao muda mrefu kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa kulia. Wahaya walimjua Mugasha na Waganda walimjua Mukasa, ambao wote wawili walihusishwa na ziwa, na mvuvi aliyeingiza mtumbwi majini alijua ni nani wa kuombwa salama. Wasukuma waliamini kwamba yuko Muumba aliye juu ya vyote, lakini katika shida za kila siku waliwaelekea zaidi masamva, yaani roho za wazee waliokufa, ambao walitambikiwa kwa pombe, unga au mnyama wa kuchinjwa ili hasira yao itulie na ukoo upate afya. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kwa jina la White Fathers, walifika Kageye, kwenye ukingo wa kusini wa ziwa, mwishoni mwa mwaka 1878, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Upande wa Waprotestanti, kazi iliyoanzishwa na Waanglikana huko Nassa ilichukuliwa mwaka 1909 na misheni iliyozaa Kanisa la Africa Inland, ambalo leo lina makao yake makuu Mwanza. Madhehebu hayo yalitofautiana katika mambo mengi, lakini yalikubaliana katika sharti moja yalilompa kila mkatekumeni, yaani mtu anayejiandaa kubatizwa: avue hirizi, aache ramli, na asitambike tena.

Sharti hilo lilitii Maandiko, lakini lilikuwa na upungufu ambao unaonekana hadi sasa. Lilimwambia mtu vitu vya kuacha, na mara nyingi halikumweleza ni tabia gani ya moyo iliyovifanya vitu hivyo kuwa vibaya. Mtu aliyevua hirizi shingoni bila kuacha matumaini ya kuwa na kitu kinachoweza kumlazimisha Mungu atende alibaki na nafasi tupu, na nafasi hiyo ilisubiri kitu kingine kije kuijaza.

Hapa inafaa kumkumbuka Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe na Mkatoliki aliyeelimishwa katika seminari, ambaye mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya yake ndefu juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, riwaya ambayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka uliofuata. Kitabu hicho kinawahusu mume na mke waliokosa mtoto, na ndani yake mna waganga, ramli, dawa za mitishamba, matambiko na adabu zote za ukwe na ujirani, vyote vikielezwa kwa upendo na kwa makini, bila mwandishi kudharau watu wake. Kitereza anawasaidia Wakristo wa leo kutenganisha mambo ambayo mahubiri mengi huyachanganya. Mzizi uliochimbwa, ukachemshwa na kunywewa kwa ajili ya maumivu ya tumbo ni dawa tu, sawa na kidonge cha duka la dawa. Heshima kwa babu na bibi, kutunza makaburi yao na kuwapa watoto majina yao ni utiifu kwa amri inayoagiza wazazi waheshimiwe. Ibada ya sanamu huanza pale ambapo marehemu anaaminiwa kushika ufunguo wa uzazi, mvua au riziki, na kwamba hataufungua mpaka apewe kitu. Mhubiri anayeziita mila zote za Kisukuma au za Kikerewe ushetani huwaumiza wasikilizaji wake bure, na zaidi ya hayo huificha dhambi yenyewe, kwa sababu huielekeza ngomani na vazini, mahali ambapo mara nyingi haipo.

Mfano mwingine uko Bujora, karibu na Kisesa, mwendo mfupi kutoka Mabatini kwa barabara ya Musoma. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika aliyetoka Kanada, alifanya kazi huko ya kuunganisha imani na utamaduni, na kazi hiyo ikazaa kanisa lililopambwa kwa ishara za utemi wa Kisukuma pamoja na makumbusho ya Wasukuma yanayotembelewa hadi leo. Sikukuu ya Bulabo, inayohusiana na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, huwakutanisha wachezaji wa ngoma wa makundi mawili yenye upinzani wa jadi, Bagika na Bagalu, ambao mashindano yao hupimwa kwa wingi wa watazamaji wanaovutwa na kila upande. Tendo la kuileta ngoma mbele ya Ekaristi lilikuwa la busara, na linastahili sifa. Hata hivyo, wanaozijua ngoma hizo wanajua pia kwamba jadi ya Bagika na Bagalu ilikua pamoja na dawa za mvuto, ambazo viongozi wa ngoma walizitumia ili umati uwaelekee wao na kuwaacha wapinzani. Ngoma iliweza kubatizwa. Dawa ya mvuto haikuwa na njia ya kubatizwa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na nia ya kuzitawala nafsi za watu kwa nguvu ya siri. Swali gumu zaidi ni kama nia hiyohiyo haijahamia katika baadhi ya mahema ya mahubiri ya leo, ambako wingi wa watu hutangazwa kuwa ndiyo thibitisho la uwepo wa Mungu, na mchungaji mwenye kundi dogo hudhaniwa kuwa amepungukiwa upako, yaani nguvu ya Roho Mtakatifu inayoaminiwa kukaa juu ya mtumishi wa Mungu.

Maandiko yana habari moja inayolichambua jambo hili vizuri kuliko mahubiri mengi. Katika sura ya 21 ya Hesabu, Waisraeli walioumwa na nyoka jangwani walipewa tiba ya ajabu: Musa, kwa agizo la Mungu mwenyewe, alitengeneza nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti, na kila aliyemtazama alipona. Hapakuwa na uganga hapo, wala udanganyifu. Kitu kiliagizwa na Mungu, kilitumiwa kwa imani, na watu walipona kwelikweli. Karne kadhaa baadaye, kama sura ya 18 ya Wafalme wa Pili inavyosimulia, mfalme Hezekia alimkuta nyoka yuleyule bado yupo, na watu wakimfukizia uvumba, akamvunja vipandevipande. Hezekia hakuvunja nguzo za miungu ya uongo peke yake; alivunja urithi wa Musa, kitu chenye ushuhuda wa miujiza isiyokanushika, na inawezekana kabisa kwamba wapo waliomwona kuwa mfalme asiye na imani. Kosa la watu hao halikuwa kuamini kwamba Mungu aliponya kwa shaba. Kosa lilikuwa kuihamisha imani kutoka kwa aliyeponya hadi kwenye chombo alichokitumia siku moja, wakidhani kwamba uponyaji umebaki ndani ya shaba kama maji yabakivyo mtungini.

Mafuta ya upako, maji ya baraka, chumvi iliyoombewa, vitambaa na stika zenye picha ya mtumishi wa Mungu, ambavyo huuzwa au kugawiwa katika miji mingi ya Tanzania, Mwanza ikiwemo, vinapaswa kupimwa kwa kipimo hicho. Watetezi wa vitu hivyo wana Maandiko mkononi: Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta, na sura ya 19 ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba vitambaa vilivyomgusa Paulo vilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Maandiko hayo ni ya kweli, na Mkristo hana sababu ya kuyaonea haya. Lakini katika Yakobo wazee huitwa wamwendee mgonjwa, wala mgonjwa hapangi foleni kuwaendea. Hapana bei inayotajwa, wala jina la mzee yeyote, na nguvu inahusishwa na sala ya imani na Bwana anayeinua. Mafuta yakitoka katika mpangilio huo, yakatiwa chupani yakiwa na nembo, yakapakwa kwenye mlango wa duka ili wateja waje na kwenye mlango wa nyumba ili wachawi wasiingie, yamechukua nafasi ileile iliyoachwa wazi na hirizi.

Nchi hii imekwisha kuonyeshwa gharama ya mkanganyiko huo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyesema kwamba ameoteshwa na Mungu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia njiani au kwenye foleni wakiwa wameacha vitanda vya hospitali. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyoombewa. Si haki kuwadhihaki waliokwenda Samunge wala waliokuwa Moshi, kwa maana wengi wao walisukumwa na maumivu ya kweli, umaskini wa kweli na hamu ya kweli ya kumfikia Mungu. Lakini haki inadai pia isemwe kwamba umati hauwezi kukanyagana ukimkimbilia Mungu aliye mahali pote. Hukanyagana kwa sababu umefundishwa kwamba yuko katika hatua chache za ardhi, kwa saa chache, na anayechelewa atakosa.

Kipimo cha ndani kabisa cha ibada, basi, ni uhuru wa Mungu wa kukataa. Hirizi haikatai; ikishindwa, mganga hutafuta kasoro katika masharti, na mteja hurudi kulipa tena. Sanduku la Agano lenyewe, kitu kitakatifu kuliko vyote katika Israeli, lilipobebwa vitani kama kinga dhidi ya Wafilisti, kama isemavyo sura ya 4 ya Samweli wa Kwanza, Waisraeli 30,000 walianguka na sanduku likatekwa, kwa kuwa Mungu hakukubali kuwa silaha ya watu wake. Kinyume chake ni vijana watatu wa Babeli katika sura ya 3 ya Danieli, ambao walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuri, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu ya dhahabu. Katika maneno yao hayo ya mwisho ndimo ilimo ibada ya kweli nzima, na ni vigumu kuona namna maneno hayo yanavyoweza kuhubiriwa mahali ambapo muumini huahidiwa kwamba sadaka aliyoipanda kama mbegu itamrudia mara mia kabla ya mwezi kwisha, na isipomrudia huambiwa kwamba imani yake ndiyo iliyopungua.

Sanamu ina tabia nyingine, nayo ni kudai mtu wa kuteketezwa. Kuanzia mwaka 2007 na katika miaka iliyofuata, mikoa ya leo ya Mwanza, Shinyanga na Geita ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilitafutwa kwa imani kwamba huleta bahati katika machimbo ya dhahabu na katika uvuvi, hata ikasemwa kwamba nywele zao husukwa ndani ya nyavu ili sangara wajae. Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi mwaka 2009, na mwaka 2015 ikapiga marufuku ramli chonganishi, yaani uaguzi unaomtaja ndugu au jirani kuwa ndiye chanzo cha msiba. Ramli ya namna hiyo imewaua pia wanawake wazee wa Usukumani, ambao macho yao, yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi, yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Uovu huu ulitendeka katika nchi yenye makanisa kila kona, na ni lazima kuuliza ni mafundisho gani yaliyokuwa yakitolewa humo. Mhubiri asiyetuma mtu kuua lakini anayetangaza madhabahuni kwamba umaskini wa muumini umesababishwa na shangazi au mama mkwe mwenye madhabahu ya siri ya ukoo anapiga ramli chonganishi kwa lugha ya Biblia, na mama mzee anayerudi nyumbani siku hiyo haoni tofauti kati ya mhubiri huyo na mganga.

Juu ya fedha maneno machache yanatosha, kwa kuwa Maandiko yako wazi. Paulo, katika sura ya 3 ya Wakolosai, anautaja uchoyo kuwa ndio ibada ya sanamu. Na huko Efeso, fundi fedha Demetrio aliwachochea wenzake dhidi ya Injili baada ya kupiga hesabu ya hasara ambayo biashara ya vihekalu vya mungu wa kike Artemi ingepata. Katika Mwaloni wa Kirumba, ambako dagaa hushushwa na kupakiwa kwenda mikoani na nje ya nchi, mizani iliyochezewa inaweza kumsujudia mungu wa uongo asubuhi nzima wakati mwenye mizani ameweka wimbo wa Injili katika simu yake. Nabii Amosi aliwashutumu wafanyabiashara waliongojea Sabato ipite ili warudi kwenye vipimo vyao vya hila, na aliandika kwamba Mungu hazitaki nyimbo zao. Anayetafuta ibada ya kweli huko Kirumba au katika vibanda vya Mabatini hana budi kuanzia hapo kwenye mizani, na katika ujira wa kijana anayebeba magunia.

Yapo malalamiko yanayosikika mara kwa mara kati ya majirani Wakristo wa madhehebu tofauti, kwamba sanamu za watakatifu katika makanisa ya Kikatoliki ndizo ibada ya sanamu yenyewe. Mtaguso wa pili wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika mwaka 787, ulitofautisha kuabudu, ambako ni kwa Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa picha takatifu, na ukafundisha kwamba heshima hiyo hupita hadi kwa yule anayewakilishwa. Mkatoliki anayetundika rozari kwenye kioo cha daladala akiamini kwamba ajali haitampata amelisaliti fundisho la Kanisa lake mwenyewe, na Mpentekoste anayelala na Biblia chini ya mto ili ndoto mbaya zisimjie, ilhali haisomi mchana, yuko naye katika kosa lilelile. Ugomvi wa madhehebu juu ya jambo hili ungepungua sana kama kila upande ungeanza kuchungulia chini ya mto wake.

Yesu alipozungumza na mwanamke Msamaria kisimani, katika sura ya 4 ya Yohana, aliulizwa ni mlima upi ulio halali kwa ibada, naye akajibu kwa kuiondoa ibada katika umiliki wa mlima wowote na kuiweka katika roho na kweli. Kweli, katika maisha ya mwambao huu, ina sura zinazoonekana. Mgonjwa huombewa na kisha hupelekwa hospitali ya Bugando, na anayemwombea hamkatazi kumeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ili kuthibitisha muujiza. Mama aliyezika mtoto huruhusiwa kulia mbele za Mungu kwa maneno makali kama ya Zaburi za maombolezo, bila kulazimishwa kutoa ushuhuda wa ushindi Jumapili inayofuata. Mvuvi hushukuru kwa dagaa waliopatikana na huomba katika giza la mwezi ambao haukuleta kitu, na akirudi mtupu hamtafuti jirani wa kumlaumu.

Mambo haya hujifunzwa mahali padogo kuliko uwanjani. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali nyumba kwa nyumba, kuwa kipaumbele cha uchungaji, na makanisa ya Kiprotestanti nayo yana vikundi vya maombi vya mitaani vinavyofanya kazi inayofanana. Katika kikundi cha namna hiyo mtu hujulikana kwa jina, madeni yake hujulikana, na pia hujulikana kama aliyeombewa mwezi uliopita hakupona. Wazee wa kanisa wanaoagizwa na Yakobo waende wakiwa na mafuta huenda kwa huyo kwanza, hupanda ngazi za mawe hadi chumbani kwake, humpaka, huomba pamoja naye, humwachia unga na sukari kama vipo, na wiki inayofuata, ugonjwa ukiwa bado upo, hurudi.